Kabla ya Kununua Bastola ya Pili

Raia wa Kenya akipewa leseni ya bastola, hupewa pia wajibu ambao hauandikwi kwenye cheti: kujua kuitumia leo kama alivyojua siku alipojaribiwa. Bastola husahaulika mkononi. Mtu aliyefunzwa akafuzu, kisha akaifungia sefuni miaka miwili, akija kuitoa usiku wa manane kwa sababu mbwa wamebweka na taa za nje zimezimika, atakuwa ameshika karibu kilo moja ya chuma kwa mkono usiokitambua tena. Wa kwanza kuwa hatarini hapo si jambazi. Ni watoto waliolala chumba cha pili.

Ndiyo maana gharama ya mazoezi si suala la starehe. Mkulima wa mahindi wa Kiminini, mwenye duka la jumla mjini Bungoma au mwenye kituo cha mafuta Webuye, aliyekubaliwa kumiliki bastola kwa kuwa hubeba fedha au hukaa mbali na polisi, anafaa kufyatua risasi kadhaa kwenye karatasi ya shabaha kila mwezi. Wangapi hufanya hivyo? Nina shaka kama ni wengi. Uwanja wa shabaha wa raia unaotajwa sana nchini uko Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, na kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Piga hesabu ya mafuta ya gari kwenda na kurudi, chumba cha kulala, ada ya uwanja, kisha risasi zenyewe, ambazo zikishalia hazirudi. Mtu akimaliza kujumlisha hujiambia kwamba kuipangusa bastola kwa kitambaa Jumapili alasiri nako ni mazoezi. Sivyo.

Nchi nyingine zililijibu tatizo hili zamani kwa risasi ndogo ya .22, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 5.6. Tofauti yake na risasi ya kawaida ya bastola si udogo tu, bali namna inavyowaka. Risasi ya 9mm ina kidonge cha kiwashio katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bastola hukigonga, nacho huiwasha baruti. Risasi ya .22 haina kidonge hicho. Kiwashio chake kimetandazwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na pini huuponda ukingo wenyewe. Ili ukingo uweze kupondeka, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili mgandamizo mkubwa. Kwa hiyo risasi hii imezaliwa na udhaifu wake: haiwezi kuwa na nguvu nyingi, na ganda likishatumika halijazwi tena. Lakini udhaifu huohuo ndio uliofanya iwe rahisi kuitengeneza kwa mamilioni, shaba kidogo, madini ya risasi kidogo, baruti ya kubana kwa vidole.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko reli ya Uganda. Mfaransa Flobert alikuwa na risasi ndogo za kuchezea shabaha ndani ya nyumba tangu mwaka 1845. Kampuni ya Smith & Wesson ikatoa rivolva yake ya kwanza ya .22 mwaka 1857, na mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ikaleta ile inayoitwa .22 Long Rifle, ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo duniani kote. Kichwa chake huwa na uzito wa takriban gramu 2.6. Cha 9mm ni gramu saba na nusu au nane. Nchini Marekani, ambako risasi huuzwa hata katika maduka ya vifaa vya michezo, bei ya risasi moja ya 9mm kwa kawaida hununua tatu au nne za .22.

Aliyeifanya bastola ya aina hii kuwa chombo cha mtu wa kawaida ni William Ruger. Mwaka 1949, kwa mtaji wa dola 50,000 uliotoka kwa mwenzake Alexander Sturm, alianza kazi katika jengo dogo la kukodi huko Southport, Connecticut. Umbo la bastola yake aliliazima kwa bastola ya Kijapani iitwayo Nambu. Badala ya kuchonga mwili wake kutoka bonge zima la chuma, aliupiga kwa mashine kama bati, vipande viwili, akavichomelea pamoja. Akaiuza dola 37.50. Washindani wake waliokuwa wakichonga chuma kwa mikono na kwa muda mrefu hawakuweza kuifikia bei hiyo, na warithi wa bastola ile wanauzwa hadi sasa. Baadaye zikaja rivolva za bei ya chini, kama Heritage Rough Rider na Ruger Wrangler iliyotoka mwaka 2019, ambazo kule huuzwa chini ya dola 250. Hizi ni za mtindo wa kale: lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, na kuzijaza ni risasi mojamoja.

Wapenda bastola za kisasa huzicheka. Mimi naziona ndizo zinazomfaa anayejifunza, kwa sababu zinamlazimisha kutulia. Hazina magazini ya kukwama, hazimruhusu mtu kumwaga risasi kumi kwa pupa, na mwalimu aliyesimama kando anaona kwa jicho lake kama nyundo imevutwa au la.

Faida kubwa ya risasi ndogo, kuliko hata bei, iko kwenye hofu. Anayeanza kulenga hukosea si kwa sababu jicho lake ni bovu. Hukosea kwa sababu mwili wake unajua kishindo kinakuja. Punde tu kabla ya bastola kulia, mkono hujikaza na kuusukuma mtutu chini, na risasi huangukia chini ya shabaha. Akifanya hivyo mara mia kwa bastola ya 9mm, hajajifunza kulenga. Amejifunza kuogopa kwa ustadi. Bastola ya .22 haiurushi mkono. Kidole hupata nafasi ya kujifunza kuvuta kifyatulio polepole, moja kwa moja nyuma, bila kuyumbisha mtutu, na mlengaji anaona alichokosea kabla hajakizoea. Walimu wana hila moja nzuri ya kuongezea: huchanganya risasi bandia kati ya zile halisi bila mwanafunzi kujua. Pini ikigonga ile bandia pakawa kimya, kila mtu uwanjani ataona kama mtutu uliinama wenyewe. Hakuna hoja ya kujitetea hapo.

Michezo ya Olimpiki yenyewe inategemea risasi hii. Shindano la wanaume la bastola ya kasi na lile la wanawake la bastola, yote ya mita 25, hutumia .22. Hadithi inayosimuliwa zaidi katika mchezo huu ni ya Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia mkononi na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Akajifundisha upya kwa mkono wa kushoto. London mwaka 1948 alishinda dhahabu ya bastola ya kasi kwa pointi 580, rekodi ya dunia wakati huo, na Helsinki mwaka 1952 akaitwaa tena. Mkono usiowahi kufanya kazi hiyo hauwezi kufunzwa kwa risasi chache za mwaka. Unafunzwa kwa maelfu, na maelfu yanataka risasi ya bei nafuu.

Hadi hapo msomaji wa Kitale anaweza kudhani dawa imepatikana: anunue bastola ndogo ya pili, aiweke kando ya ile kubwa, shida iishe. Lakini hesabu ya Marekani haivuki bahari ikafika salama. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna bunduki inayonunuliwa au kumilikiwa bila cheti, na cheti hutaja aina na idadi ya silaha pamoja na kiasi cha risasi ambacho mtu anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Bastola ya .22, hata ikiwa imeuzwa kwa bei ya simu, mbele ya sheria ni bastola. Itahitaji sababu yake, ukaguzi wake, nafasi yake kwenye cheti na sefu yake. Kisha inaagizwa kutoka ng'ambo kwa ushuru na vibali. Mwombaji anayeeleza kwamba anataka silaha ya pili ili aizoee ya kwanza atakuwa na kazi ya kumshawishi afisa, na sidhani afisa huyo anastahili lawama akikunja uso.

Kuna pia kinaya cha kuchekesha. Kilomita 70 hivi kutoka Kitale, mjini Eldoret, ndiko kiliko kiwanda cha risasi cha taifa, Kenya Ordnance Factories Corporation. Kilijengwa miaka ya 1990 na kampuni ya FN ya Ubelgiji, kwa usiri uliozua kelele kubwa habari zilipovuja, hapa nchini na huko Ubelgiji kwenyewe. Kinachofahamika kutoka pale ni risasi za bunduki za kijeshi za 7.62 na 5.56, na za bastola za 9mm. Yaani risasi ghali ya mlengaji inatengenezwa jirani, ile rahisi inapanda meli.

Halafu kuna historia, na katika pembe hii ya nchi huwezi kusema neno bunduki bila kuigusa. Mnamo 1895 bunduki ndizo zilizowagonganisha Wabukusu na Waingereza. Wabukusu walikuwa wamezipata kutoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka utumishi, na C. W. Hobley, aliyekuwa akiiwakilisha serikali ya Kiingereza Mumias, akataka zirudishwe. Kikosi alichotuma Lumboka kiliuawa. Akarudi na jeshi kubwa lenye mizinga na bunduki za rashasha, na vita vikaishia kwenye ngome ya Chetambe, juu ya kilima kinachoitazama Webuye ya leo. Watu wengi walikufa ndani ya ngome ile. Nyimbo na masimulizi ya eneo hilo bado yanaikumbuka.

Miaka michache baadaye, kutoka Mumias hiyohiyo, Mskoti W. D. M. Bell aliondoka na misafara yake kwenda Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, jambo ambalo leo hakuna mwenye akili timamu angelisifia. Lakini walengaji bado humsoma kwa sababu alipuuza bunduki nzito zilizopendwa na wenzake, akatumia zaidi bunduki nyepesi yenye risasi nyembamba. Alishikilia kwamba mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko ukubwa wake, na alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo uko wapi hasa. Jingine alilojulikana nalo ni la bure kabisa, nami nitalirudia chini.

Wakaja walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 uliwapa wanajeshi wastaafu wa Kizungu mashamba ya Trans Nzoia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mji ukashika kasi. Bunduki ilikuwa sehemu ya nyumba ya mlowezi kama birika la chai. Mwafrika aliyelima shamba la mlowezi huyo hakuruhusiwa kuigusa. Kujua kulenga shabaha kukawa elimu ya rangi moja, na nadhani alama yake haijafutika: hata sasa mchezo huu unaonekana kuwa wa watu wa Nairobi wenye magari makubwa. Uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, hata ile sababu ya kawaida ya raia kuzoea bunduki ikaondoka. Kilichobaki ni kujilinda.

Silaha haramu ziliendelea kuingia kwa mlango mwingine. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, Wakaramojong walivamia ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki zikatiririka katika mipaka hadi kwa wafugaji wa upande wa Kenya. Wakazi wa Trans Nzoia wanaopakana na Pokot Magharibi wanajua wizi wa ng'ombe ulivyobadilika baada ya hapo. Mlima Elgon ukafuata. Kuanzia mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force, lililozaliwa na mgogoro wa ardhi ya Chebyuk, liliwatesa na kuwaua wakazi. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa na kundi hilo walizidi 600. Jeshi lilitumwa huko Machi 2008, nalo likashutumiwa kwa mateso na kwa wanaume waliochukuliwa wasirudi. Kuna watu wa Cheptais na Kapsokwony ambao wakisikia mlio mmoja tu wa bunduki huingia ndani na kukomea mlango. Mpango wowote wa kulenga shabaha ambao hauwahesabu watu hao ni mpango mbovu, hata ukiwa na karatasi zote.

Je, tuache basi? Hapana. Bastola zenye leseni tayari ziko, na mwenye nayo asiyeijua anawatisha zaidi majirani kuliko anayeijua. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate, miongoni mwa walioingia mapema kuwaokoa watu walikuwa raia wenye leseni, akiwemo Abdul Haji, aliyekuja baadaye kuwa seneta wa Garissa. Walikuwa na bastola dhidi ya bunduki za kivita. Picha za siku ile ziliwafanya Wakenya wengi waone kwamba mmiliki halali anaweza kuwa na manufaa. Upande wa pili tumeona wengine wakichomoa bastola kwenye vilabu vya pombe na magomvi ya barabarani. Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya na kupewa kadi mpya za kielektroniki, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa imepoteza imani na vyeti vilivyokuwa mikononi mwa watu.

Ninachopendekeza ni kwamba bastola ya bei nafuu isiwe ya mtu. Iwe ya klabu. Wenye leseni ishirini wa Trans Nzoia na Bungoma, wakijisajili kama chama na kupeleka ombi moja kwa Bodi ya Leseni za Silaha, wanaweza kueleza sababu ambayo mtu mmoja hawezi kuieleza: wanataka bastola tatu au nne za .22 zikae kwenye sefu moja, chini ya msimamizi mmoja anayewajibika, zitolewe siku ya mazoezi tu na zirudishwe kwa hesabu. Risasi zihesabiwe zikitoka na maganda yahesabiwe yakirudi. Hakuna bastola ya mazoezi inayolala nyumbani kwa mtu. Polisi wa eneo wapewe ratiba, chifu apewe ratiba, na majirani waambiwe mapema kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu hadi saa sita, milio watakayoisikia ni ya shabaha.

Gharama hapo hubadilika kabisa. Bei ya bastola hugawanywa kwa watu ishirini. Safari ya kilomita 380 hupungua ikawa safari ya Bungoma hadi Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, barabara ambayo wengi hupita kila wiki kwa biashara zao. Na kama Bodi itaridhia, mkufunzi mmoja kutoka Nairobi analetwa kwa nauli moja badala ya wanafunzi ishirini kwenda kwake kwa nauli ishirini.

Uwanja wenyewe hautaki fahari, ila hauvumilii uzembe. Watu huidharau .22 kwa jina lake dogo. Risasi hiyo huua mtu, na ikirushwa hewani kwa pembe inayofaa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwenye nchi tambarare ya mahindi, ambako nyuma ya kila shamba kuna njia ya watoto wa shule, hilo lazima litangulie mengine yote. Panatakiwa tuta refu na nene la udongo usio na mawe, nyuma na pembeni. Machimbo ya zamani ya murram yaliyokauka yanaweza kufaa yakikaguliwa. Shabaha iwe ya karatasi. Chuma hurudisha vipande usoni, na chupa huacha vioo shambani kwa miaka. Masikio yazibwe hata kama mlio unaonekana mdogo, macho yavae miwani. Vichwa vya risasi hizi mara nyingi ni vya madini ya risasi, metali yenye sumu, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla mtu hajashika chapati, na udongo wa tuta usikaribie kisima.

Kuna tabia nyingine ya .22 inayotakiwa kufundishwa siku ya kwanza. Kwa kuwa kiwashio kimetandazwa ukingoni, mara nyingine huwa hakijaenea sawasawa, na pini ikigonga mahali pakavu risasi hailii. Anayeanza hugeuza bastola aitazame mtutuni. Hapo ndipo msiba hutokea. Mtutu ubaki umeelekezwa kwenye tuta, mtu ahesabu hadi nusu dakika bila kuharakisha, ndipo afungue na kuitoa ile iliyogoma. Bastola za magazini nazo ni za kuchagua chakula: moja hula risasi za kampuni hii vizuri na kukataa za ile. Klabu inaweza kujua hayo baada ya mwezi mmoja. Mtu mmoja na kisanduku chake kimoja hajui kamwe.

Wapo watakaosema mazoezi ya bastola ndogo hayamfai anayebeba 9mm, kwa sababu siku ya shida atakayoishika ni kubwa. Wana haki nusu. Kuvuta kifyatulio, kuweka macho kwenye shabaha, kushika sawasawa, kusimama na kupumua, yote hayo huhama kutoka bastola moja hadi nyingine. Kinachobaki ni kudhibiti mrusho na kurudi haraka kwenye shabaha, na hilo halifunzwi ila kwa bastola yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ianze na risasi hamsini za .22, iishe na kumi za bastola ya mtu mwenyewe. Mtu akiondoka na karatasi ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza, ajue bado ana hofu ya kuondoa.

Sasa lile la Bell. Alijulikana kwa kujizoeza na bunduki tupu, akiwa njiani, akilenga kitu na kuvuta kifyatulio bila risasi, mara nyingi kila siku. Wanajeshi na mabingwa wa Olimpiki bado hufanya hivyo, na hakuna zoezi la bei nafuu kuliko hilo. Mwenye leseni anaweza kulifanya nyumbani kwa bastola yake kubwa iliyothibitishwa mara tatu kwamba haina kitu, risasi zote zikiwa chumba kingine, mlango umefungwa, watoto hawapo, akilenga upande wenye ukuta imara. Dakika kumi zatosha, na zikiisha airudishe sefuni bila kujiongezea moja ya mwisho. Onyo moja: bastola nyingi za .22, hasa za zamani, hazifai kufyatuliwa tupu, kwa sababu pini ikikosa ukingo wa ganda hugonga chuma cha mtutu na kukiharibu. Kijitabu cha mtengenezaji kitasema. La sivyo tumia risasi bandia.

Na vijana je? Kenya ilipoenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, ilikuwa na walengaji shabaha katika timu yake, kutoka enzi ile ya elimu ya rangi moja. Tumewafundisha vijana wa magharibi raga, soka na mbio, na sioni kwa nini ulengaji usiongezwe siku moja, kwa bunduki za upepo za mita kumi ambazo shabaha yake ya katikati, kwa bastola, ina upana wa milimita 11.5. Lakini hilo lisianze kwa mzazi kumnunulia mtoto bunduki ya upepo mtandaoni akidhani sheria haihusiki. Aulize Bodi kwanza, apate jibu la maandishi.

Mwenye leseni wa Kitale au Bungoma anayefikiria kununua bastola ndogo ya mazoezi, shauri langu ni hili: peke yako usiinunue. Utalipa ada mara mbili, utalinda sefu mbili, na baada ya msimu mmoja wa mahindi zote mbili zitakuwa zimelala. Tafuta wenzako kumi na tisa walio na vyeti halali, andikeni katiba, mtafuteni mwenye ardhi iliyo mbali na makazi, mkae na chifu na wazee wa mtaa kabla ya kukaa na muuza bunduki, kisha mpeleke ombi moja. Bodi ikikataa, angalau itakuwa imekataa kitu chenye maana. Ikikubali, bastola ya bei nafuu itakuwa imepata kazi inayoiweza.